Tulivyokwenda Kaburini kwa Miguu

Mume wetu alifia kwa mdogo wake, kijijini kwao kusini, kando ya ziwa, siku ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa naye. Simu ilikuja asubuhi, na kufika alasiri alikuwa ameshazikwa. Mimi nilikuwa darasani Kanyosha, kusini mwa mji, chaki mkononi. Mke mwenzangu alikuwa nyumbani kwake Buyenzi, mjini kati, anachambua mchele. Kila mmoja alilia na watu wake, kisha kila mmoja akakaa eda kwake, miezi minne na siku kumi. Yeye hakuvuka kizingiti. Mimi nilitoka kwenda kufundisha tu na kurudi, na nikaletewa habari kwamba jambo hilo hakulipenda.

Lazima niseme mapema kwamba hatukuwa tunapendana. Hatukuwahi kutukanana, hata mara moja, lakini katika miaka kumi na saba niliyoolewa na yule mzee, mke mwenzangu alifika kwangu mara moja tu. Ilikuwa siku nilipojifungua mapacha. Alileta sufuria ya uji wa ulezi, akaiweka mlangoni, akamwambia mama yangu kwamba sufuria irudishwe ikiwa safi, akaondoka. Yeye alikuwa mke wa ujana, mke wa nikahi na wa karatasi za serikali. Mimi nilikuwa mwalimu, binti wa Kikatoliki aliyesilimu na kuwakasirisha wazazi, mke ambaye serikali haimjui. Mume wetu alikuwa kapita, msimamizi wa wapagazi bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na alitugawia siku zake kwa haki kadiri alivyoweza.

Eda ilipokwisha, shemeji aliyemzika alituma ujumbe. Alikuwa amelizungushia kaburi mawe, na alitaka wake wote wawili waje waone, tuombe dua pamoja, ili pasiwe na maneno baadaye. Mwezi huo esansi ilikuwa imekauka mjini. Magari yalipanga foleni kwenye vituo vya mafuta siku nzima na kulala hapo hapo, na mabasi ya kwenda Rumonge, ya njia yetu ya kusini, yalikuwa yameegeshwa, milango imefungwa. Nilimpigia simu mke mwenzangu kumwambia tusubiri.

"Mi sisubiri," alisema. "Esansi apana, basi apana, lakini miguu iko. Jumamosi napita kwako."

Nilimwambia kwamba goti lake ni bovu, kila mtu anajua.

"Goti ni langu," akasema, akakata.

Jumamosi hiyo, kabla jua halijaanza kuchoma, nilisikia akibisha. Alikuwa ametoka Buyenzi baada ya sala ya alfajiri, amekwisha kutembea mji mzima mpaka kwangu, na vumbi lilikuwa limefika kwenye pindo la gauni lake. Alikuwa na mkoba mmoja begani, kibirika cha plastiki cha kutawadhia, na mkeka wa kusalia ameukunja chini ya kwapa. Hakutaka kuingia ndani. Mama yangu, aliyekuja kukaa na mapacha, alimletea kiti nje; akashukuru, akabaki amesimama. Mimi nilikuwa nimefunga turubai, viazi vitamu vya kuchemsha, ndagala wa ziwani wa kukaanga na termusi ya chai kwenye kitenge. Nilijitwika mzigo kichwani, tukatoka.

Alitembea mbele. Hakusema nimfuate wala nisimfuate. Alitangulia tu, na mimi nikajikuta nyuma yake hatua nne au tano, kama mwanafunzi. Alikuwa na namna ya kutembea iliyonitia huruma na kunichosha kwa pamoja: mguu wa kushoto unatangulia, wa kulia unaburutwa kidogo kuufuata, kisha anatua, kisha tena. Kwa mwendo ule ng'ombe wangetupita. Nilihesabu siku kichwani, nikaona kwamba tukijaliwa tutafika kesho yake jioni.

Baada ya Ruziba nyumba zilianza kupungua. Ziwa lilikuwa kulia kwetu, limetulia, rangi ya maji ya majivu, na milima ya Kongo ng'ambo haikuonekana kwa sababu ya ukungu wa kiangazi. Kushoto ilikuwa mihogo na migomba kupanda mlimani. Barabara ilikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia. Siku za kawaida njia hiyo ina malori, teksi, mabasi yanayopiga honi kwenye kila kona. Siku hiyo kulikuwa na watu wa miguu na baiskeli tu. Wanaume walisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kuelekea mjini, vifua vimelowa jasho, kwa sababu hakukuwa na lori la kushika nyuma likawavuta. Tulisalimiana na kila mtu. "Mwaramutse," na wao wanajibu, na mara nyingine wanauliza tunakwenda wapi. Mke mwenzangu alijibu kila mara neno moja: "Kaburini." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Tulipofika daraja la Mugere alikubali kukaa. Nilimmiminia chai. Aliishika muda mrefu bila kunywa, akitazama wanawake waliokuwa wakifua chini mtoni. Kisha akaniuliza, bila kunigeukia:

"Kwako alikuwa anakula pilipili?"

"Sana," nikasema. "Bila pilipili alikuwa hagusi chakula."

"Haya basi." Akanywa chai. "Kwangu miaka yote alisema pilipili inamuumiza tumbo. Mi nikaacha hata kupanda."

Nikamwambia kwamba kwangu alikuwa hataki maharage, eti yanamjaza hewa.

"Maharage!" Sasa alinigeukia. "Kwangu alikuwa anakula maharage kama mufungwa."

Tulikaa pale tukimlinganisha yule mtu. Kwake alilala upande wa ukuta, kwangu upande wa mlango. Kwake alikuwa anasimulia habari za bandarini, nani ameangusha gunia, meli gani imechelewa kutoka Kigoma. Kwangu hakusema neno juu ya kazi, alikuwa anataka mapacha wamsomee vitabu vyao vya shule. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kuzungumza kwa zaidi ya dakika tano. Alipoinuka alishika bega langu bila kuomba, na tulipoendelea hakutangulia tena mbali. Nilianza kufikiri kwamba safari ile itakuwa nzuri.

Adhuhuri ilitukuta Kabezi. Tulishuka kandokando ya barabara mahali penye nyasi, akachota maji ziwani kwa kibirika chake, tukatawadha, tukasali, yeye kwa kukaa kwa sababu ya goti. Baada ya sala nilifungua viazi na ndagala. Tulikula tukiwa tumenyoosha miguu. Upepo mdogo ulitoka majini. Hapo ndipo alipoanza kuniambia habari ya siku yao ya mwisho.

"Alikuja siku yangu," alisema. "Akakaa kwenye kiti. Mi nilikuwa nimemuomba wiki mbili apande kwenye dari, bati lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha wageni. Wiki mbili! Kila siku anasema kesho. Siku ile nikachoka. Nikamuambia, umezeeka vibaya. Nikamuambia, we ni muvivu, mwili wote ule wa bure. Nikamuambia, nenda kwa yule mudogo, yeye akubebe mugongoni."

Alinitazama alipotaja "yule mudogo", si kwa ubaya. Aliendelea.

"Hakujibu. Akachukua mufuko wake. Nikafikiri anakuja kwako kweli. Kumbe alikuwa anaenda kwao. Sikumuona tena."

Nilibaki na kipande cha kiazi mkononi.

"Watu wanasema labda alikuwa mugonjwa," akasema. "Apana. Mutu niliyeishi naye miaka zaidi ya thelathini, angekuwa mugonjwa ningejua. Ilikuwa saa yake tu. Mungu alimuita. Lakini maneno yangu yale, ninayo hapa." Akajigusa kooni.

Tulifunga chakula, tukaendelea. Sasa nilikuwa mimi mbele, kwa sababu sikutaka auone uso wangu.

Kwa maana alikuwa mgonjwa, na mimi nilijua. Nilijua tangu mvua za kwanza za mwaka ule. Alikuwa ameanza kusimama katikati ya kilima chetu cha Kanyosha akijifanya anatazama mandhari. Miguu ilikuwa inamvimba jioni. Nikamlazimisha kwenda kwenye kliniki, nikaenda naye, na daktari akatuambia wote wawili kwamba moyo wake umepanuka na umechoka, kwamba anaweza kuishi miaka akitulia, na anaweza pia kuondoka siku yoyote. Tulipotoka nje alinishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono barabarani. Akaniambia, wa Buyenzi asijue. Aliniapisha. Nikaapa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali upesi vile. Ningependa kusema ilikuwa utii, au ilikuwa huruma. Lakini nikisema kweli, kulikuwa na kitu kingine. Katika miaka yote ile kila kitu cha yule mzee kilikuwa cha mke mkubwa kwanza: jina, karatasi, watoto wakubwa walioko Kigoma, picha za ujana wake bandarini. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilipewa kitu chake ambacho mwenzangu hakuwa nacho. Nilikificha kama mtu anavyoficha pete. Nililia, nilimpikia bila chumvi, nilimpa vidonge vyake siku zangu, na siku za Buyenzi nilijua kwamba havimezi kwa sababu aliviacha kwangu. Nililijua hilo pia, na nilinyamaza.

Njia baada ya Kabezi inapinda pinda kufuata ziwa. Mahali fulani mlima umemomonyoka, na mawe yamesukumwa pembeni. Mahali pengine maji yamepanda mpaka ukingo wa lami. Nilitembea nikiwaza kwamba ningeweza kunyamaza hadi kaburini na kurudi, na hadi mwisho wa maisha yangu, na hakuna mtu angejua. Daktari hakumjua mwenzangu. Mzee alikuwa amekufa. Lakini kila hatua nilisikia ule mguu wake ukiburutwa nyuma yangu, na nikakumbuka alivyojigusa kooni.

Kwenye kona moja kulikuwa na kivuli cha mikaratusi. Nikatua mzigo, nikamwambia, "Dada, kaa kwanza." Sikuwahi kumwita Dada. Akakaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa sitaweza.

"Alikuwa mgonjwa. Moyo. Nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Aliniapisha nisikuambie."

Mwendesha baiskeli mmoja alipita akatusalimia, na yeye akamjibu vizuri, kwa sauti yake ya kawaida. Kisha akaniuliza:

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Alihesabu. Niliona midomo yake ikitaja miezi. Akajisukuma kutoka chini kwa mikono miwili, nami nikanyoosha mkono kumsaidia, akaupita kama haupo. Akaanza kutembea.

Alitembea upesi mno. Sijui nguvu zile alizitoa wapi. Nilikuwa nimebeba mzigo na nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na sita, lakini nilikuwa nikihema nyuma yake. Nilimwita, "Dada, polepole, goti!" Hakugeuka. Watu waliokuwa wakivunja kokoto kando ya njia waliacha nyundo wakatutazama. Tulipita vibanda vya wauza samaki, tukapita kanisa dogo, na jua likawa limeshuka upande wa Kongo likitupiga shavuni. Kisha nikamwona anayumba, anashika chuma cha ukingo wa barabara, anakaa chini hapo hapo ukingoni kama mzigo uliokatiwa kamba.

Goti lilikuwa limevimba na kuwa kama boga. Gitaza, ambako nilitarajia tupate kulala kwa watu, ilikuwa bado mbali, na hakuna gari lililopita. Hatua chache mbele yetu kulikuwa na lori la saruji limesimama pembeni, matawi yamewekwa nyuma yake barabarani kuonya watu. Dereva wake, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya sufu, alikuwa amekaa kwenye jiwe akipuliza moto wa mafiga matatu. Siku ya tatu hiyo, alituambia, anamngoja mwenzake alete bidoni ya mafuta kutoka mjini.

"Dada, lete mama yako huku," akaniambia. "Lori linakinga upepo. Mahali pa kulala iko."

"Mi si mama yake," mke mwenzangu akasema kutoka chini. "Mi ni muke mwenzake."

Dereva alitutazama mmoja mmoja, akavua kofia. "Munisamehe," akasema. "Karibuni wote wawili."

Tulimwinua, mimi upande mmoja na dereva upande mwingine, na hapo hakukataa mikono yangu, maana hakuwa na njia. Nilifunga turubai kwenye mbao za lori, upande wa pili nikalibana chini kwa mawe, likawa hema la watu wawili. Nikakata nyasi kavu nikatandika chini, juu yake kitenge. Dereva alinipa maji ya moto kwenye sufuria yake. Nilichovya kitambaa, nikapiga magoti mbele ya mwenzangu.

"Usinishike," akasema.

Nikampa kitambaa. Akajikanda mwenyewe, akiuma meno, mara moja, mara mbili, mpaka maji yakapoa. Dereva alitugawia ugali na mimi nikatoa ndagala waliobaki. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alielewa kuna jambo, akala haraka, akaenda kukaa upande wa pili wa lori na redio yake ndogo.

Jua lilizama. Wavuvi mmoja mmoja walianza kuwasha taa majini. Tulisali magharibi, yeye amekaa na mimi nimesimama, kila mmoja kwenye upande wake wa turubai. Nilikunja mkeka wake, nikamwekea mkoba wake alalie kichwa. Nilidhani atalala. Akasema:

"Dokta alipomuambia, alilia?"

"Apana. Alicheka kidogo. Kisha tulipotoka akanishika mkono."

"Na juu ya nini alikuambia mi nisijue?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Juu ya nini mi? Nilimukosea nini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimemwuliza mzee mwenyewe, na alinijibu, na jibu lake sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. Nikamwambia neno kwa neno.

"Alisema hivi: huyu wa Buyenzi akijua, ataanza kunitazama kama mayiti. Kwako nimeshakuwa mugonjwa, basi, sina njia. Lakini nataka kubaki na nyumba moja ambako bado wananigombeza."

Redio ya dereva ilikuwa ikisoma habari kwa Kirundi upande wa pili. Nilisubiri. Sikuweza kuuona uso wake vizuri.

"Alisema vile?"

"Vile vile."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia mara ya tatu. Akageuka, akalala akielekea kwenye matairi ya lori, akajifunika mtandio mpaka kichwani. Baada ya muda mabega yake yalianza kutikisika. Nilitaka kumgusa, nikakumbuka alivyosema nisimshike, nikaweka mkono wangu kwenye nyasi karibu na mgongo wake na kuuacha hapo. Sijui kama alijua. Nililia pia, kwa mara ya kwanza tangu eda iishe. Nililia kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu peke yangu na sasa nimeyatoa, na kwa sababu hayakuwa yangu tangu mwanzo.

Asubuhi goti lilikuwa limepungua, lakini si la kutembea. Dereva alisimama barabarani kama polisi, akasimamisha mwanamume mmoja wa baiskeli aliyekuwa akirudi kusini na bidoni tupu za mawese. Walizungumza Kirundi kwa muda mrefu. Mwishowe yule mtu alizifungua bidoni zake kutoka kwenye baiskeli, akanipa mimi nizibebe, na mke mwenzangu akakalishwa kwenye kibebeo, juu ya mkeka uliokunjwa. Alimuaga dereva kwa kumwombea dua ndefu ya safari njema, na dereva akaitikia amina ingawa alikuwa na msalaba shingoni.

Basi tulikwenda hivyo siku nzima: mwenye baiskeli anasukuma, mwenzangu amekaa wima na kibirika chake mapajani, na mimi kando, turubai kichwani, bidoni mbili tupu mkononi zinagongana. Hakunisemesha ila mara moja, tulipopita Magara, aliponiuliza kama nina maji. Nikampa. Akanywa nusu akanirudishia nusu.

Tulifika saa kumi. Shemeji alitupokea, akalia kidogo, akatupeleka nyuma ya shamba la michikichi ambako wazee wao wote wamelala. Kaburi lilikuwa jipya kuliko mengine, limezungushiwa mawe meupe ya ziwani. Nilisimama mbali ili mke mkubwa atangulie. Ndiyo haki yake, na sikuwa na ugomvi nayo. Alikwenda peke yake akijikongoja kwa fimbo ya shemeji. Alisoma Fatiha. Alikaa chini, akang'oa majani machache yaliyoota kati ya mawe, akamwuliza shemeji nani alimwosha, na maji yalitoka wapi, na kama walimpata mtu wa kusoma Yasini. Shemeji alimjibu kila kitu. Alimwuliza kama alikuwa na maumivu mwishoni. Shemeji akasema alikuwa amekaa ukumbini anasubiri chai, na walipoileta, alikuwa amekwisha kwenda.

Kisha akanitazama nilikosimama, akapapasa ardhi kando yake kwa kiganja. Nikaenda nikakaa. Tuliomba dua pamoja, shemeji akiongoza, na ilikuwa ndefu. Upepo ulikuwa unachezea makuti ya michikichi. Nilitaka kumwomba mzee radhi kwa kuvunja kiapo, lakini kila nilipoanza, moyo wangu ulisema sijakosea. Nilikosea mapema zaidi, na si kwake.

Tulikaa siku tatu. Siku ya nne shemeji alitutafutia nafasi kwenye mtumbwi wa injini wa wauza mawese, uliokuwa umepata mafuta kwa njia zake. Mke mwenzangu alikuwa hajawahi kupanda chombo cha majini, yeye mke wa kapita wa bandarini. Tulipoacha ufuo na mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, alinishika mkono juu ya kiwiko, na hakuniachia. Alinishika tukiipita Magara, tukiipita ile kona ya mikaratusi ambayo kutoka majini ilionekana ndogo sana, tukiipita Kabezi. Vidole vyake viliacha alama zilizodumu mpaka kesho yake.

Tulishuka mwaloni karibu na Kanyosha. Alipokanyaga mchanga aliniachia, akatengeneza mtandio wake, akachukua mkoba.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, Dada."

"Siku nikikusamehe nitakuambia. Usiniulize."

Nikasema sawa. Nilimtafutia mwenye baiskeli wa kumfikisha Buyenzi, nikasimama kumtazama mpaka alipopotea kwenye watu wa sokoni. Kisha nikapanda kilima kwenda nyumbani, ambako mapacha walikuwa wakinisubiri na maswali mengi juu ya kaburi la baba yao.

Mpaka leo hajaniambia, na mimi sijauliza. Ijumaa, nikipata nafasi, napita Buyenzi. Ananikaribisha ukumbini, ananipa chai, anauliza habari za mapacha na za mama yangu. Mara nyingine ananiomba nimsimulie siku ile ya kliniki, tangu tulipotoka nyumbani mpaka tuliporudi, mzee alivaa nini, alikaa kwenye kiti gani. Namsimulia. Ananisikiliza macho yameelekea chini, na nikiruka kitu ananirudisha.